Joka la Rusizi: Moto Upo, Shida ni Kuruka

Mpe mtoto wa Kamembe, Rwanda, karatasi na penseli, umwambie achore joka. Katuni amekwisha kuziona kwenye simu ya kaka yake, kwa hiyo hatasita: mdomo wa mamba, shingo ya nyoka, mabawa ya popo, miguu minne yenye kucha, na moto wa penseli nyekundu unaokwenda hadi ukingoni mwa karatasi. Akimaliza, tazama vipuri alivyotumia, msikilizaji. Mamba wamo mto Rusizi, kule chini uwandani. Popo wamo msitu wa Nyungwe. Nyoka hahitaji kutafutwa. Na cha kuwashia moto kimejaa ziwani Kivu na kwenye kinamasi cha Gishoma, kuzidi mahitaji ya majoka yote ya hadithi yakikusanywa pamoja.

Vipuri vipo. Swali ni kama kuna fundi anayeweza kuviunga vikafanya kazi.

Kwanza jina. Kiswahili kimemchukua nyoka, kikamkuza, akawa joka. Kinyarwanda kimefanya hivyo hivyo: inzoka ikakuzwa ikawa ikiyoka. Katika majina hayo mawili hamna bawa wala cheche. Kuna ukubwa tu. Mabawa na moto vimepandikizwa baadaye, vingine kutoka vitabu vya dini, vingine kutoka sinema. Wazee waliosema joka walimaanisha kitu kizito kinachotambaa, na sayansi, kama tutakavyoona, inaelekea kuwaunga mkono.

Tuanze na kiwiliwili, maana ndicho kinachobebwa. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu hapo hapo mjini, unapita kati ya Rwanda na Kongo, unateremka hadi Burundi na kumwagika ziwa Tanganyika. Huko mdomoni mwa mto ndiko alikopata sifa mamba Gustave, ambaye watu wa Burundi wanamdai roho nyingi na ambaye hakuna mtego uliowahi kumshika. Waliomwona walimkadiria urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900. Kwa sura, huyo ni joka kamili. Haya, mvike mabawa.

Ndege wanaoruka vizuri hubeba uzito wenye kikomo kwa kila mita ya mraba ya bawa, na kikomo hicho ni kama kilo 25. Kwa hesabu hiyo Gustave angehitaji mita za mraba 36. Ile ndege ndogo aina ya Cessna 172, inayofundishia marubani Afrika Mashariki nzima, ina bawa la mita za mraba 16 tu, na hunyanyuka na uzito wa zaidi ya kilo 1,000 kwa sababu ina injini ya nguvu za farasi 160 inayonguruma bila kupumzika. Mamba hana injini hiyo. Misuli yake imeumbiwa kurupuka: anavizia saa nzima, anachomoka kwa sekunde chache, kisha damu inajaa asidi na anachoka hoi. Angepiga mabawa mara kumi, halafu angetaka kuota jua.

Mahali penyewe napo hapamsaidii. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Rubani analijua hilo anapopiga hesabu ya mizigo. Joka lingelijua kifuani.

Adui mkubwa wa joka ni hesabu ya darasa la shule ya msingi. Mchukue tandawala mkubwa, yule ndege wa mbuga za Serengeti ambaye dume lake hufika kilo 18 na ni miongoni mwa ndege wazito zaidi wanaoweza kuruka duniani. Mkuze awe na urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Eneo la mabawa litaongezeka mara nne. Uzito utaongezeka mara nane. Sasa una ndege wa kilo 144 aliyepewa mabawa ya kubeba nusu yake. Mkuze tena na hali itakuwa mbaya zaidi. Tandawala mwenyewe, hivi alivyo, hupendelea kutembea; hunyanyuka akilazimika, na ukimtazama anavyokimbia kabla ya kuachia ardhi unaona wazi kwamba yuko mpakani mwa kinachowezekana.

Hata hivyo mpaka huo uliwahi kusogezwa, na ushahidi mmoja uko kusini mwa Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wakapeleka Berlin takribani tani 250 za mifupa ya dinosauri. Kusema Wajerumani walichimba ni namna ya kusema tu. Waliochimba na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandarini walikuwa mamia ya vibarua wa huko, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye jina lake limepewa dinosauri mmoja mwaka 2007. Katika rundo hilo la mifupa minene kulikuwa na kipande cha taya la mnyama mdogo aliyeruka, pterosauri, aliyekuja kuitwa Tendaguripterus mwaka 1999. Huyo alikuwa mdogo. Lakini ukoo wake, miaka milioni nyingi baadaye, ulimzaa Quetzalcoatlus, ambaye mfupa wake uligunduliwa Texas mwaka 1971: upana wa mabawa mita 10 au zaidi, kimo cha twiga akisimama, na uzito ambao wataalamu wengi huuweka kati ya kilo 200 na 250.

Kilo 250! Ng'ombe wa kawaida ni mzito kuliko huyo. Na ili afike hapo alilipa gharama kubwa: mifupa yake ilikuwa mirija yenye hewa ndani, kuta zake nyembamba ajabu. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba aliruka kwa kujisukuma na miguu yote minne, mikono ikifanya kazi kubwa, kama mtu anayejirusha juu kutoka kifudifudi. Kwa hiyo joka la kuruka lina ruhusa ya kuwepo, mradi liwe jembamba, lenye mifupa ya mwanzi, lisilo na magamba ya chuma wala mkia wa kubomolea minara. Yule mnene wa kwenye mabango ya sinema abaki chini.

Tena mtoto wetu wa Kamembe kakosea kitu kimoja, na wachoraji wakubwa wa Ulaya wamekikosea kwa karne nyingi: kampa joka miguu minne na mabawa mawili. Hivyo ni viungo sita. Wanyama wote wa nchi kavu wenye uti wa mgongo, chura, kuku, tembo, binadamu, wamejengwa juu ya viungo vinne, na anayetaka mabawa sharti atoe mikono yake. Popo ndiye mwalimu mzuri hapa. Bawa lake ni kiganja chenye vidole virefu kupita kiasi, na ngozi iliyowambwa katikati. Nyungwe ina popo mmoja, Rhinolophus hilli, ambaye hakuonekana kwa takribani miaka 40 hadi watafiti walipomnasa tena Januari 2019. Uso wake ni wa kutisha, pua imekunjamana kama jani lililoungua. Mpanue mara elfu naye anakuwa joka la haki. Ila ana uzito wa gramu chache, na ndiyo maana anaruka.

Yuko mtu aliyejaribu kulikwepa tatizo la uzito kwa ujanja. Mwandishi Mwingereza Peter Dickinson, katika kitabu chake The Flight of Dragons cha mwaka 1979, alisema joka halikuwa ndege bali puto. Tumboni, alidai, asidi ilikutana na kalsiamu ikazaa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Joka likaelea, na moto ulikuwa njia ya kupunguza gesi lilipotaka kutua. Wazo tamu sana. Kwa bahati mbaya, watu wa Bugarama wanaishi juu ya jibu lake. Kule, kwenye uwanda wa mpunga ulio chini kabisa nchini Rwanda, kuna mawe ya chokaa yanayosagwa na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, jirani na chemchemi za maji moto. Dondoshea jiwe hilo siki au maji ya betri, uone povu. Povu hilo ni hewa ukaa, ile ile iliyomo kwenye soda. Haiwaki na haielei. Ni nzito kuliko hewa. Joka lililokula mawe ya Bugarama lingepiga mbweu kubwa, likabaki limelala.

Na tukimkubalia Dickinson gesi nyepesi, je? Methani, gesi ya Kivu, ni nyepesi kuliko hewa, lakini mita moja ya ujazo huinua kama nusu kilo tu. Joka dogo la kilo 100 lingehitaji mita za ujazo 200: puto lenye kipenyo cha mita 7, refu kuliko nyumba nyingi za Kamembe, likisukumwa na upepo wa ziwani mpaka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, bila pasipoti.

Basi tuingie kwenye moto, ambako joka letu lina bahati zaidi.

Wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zikining'inia juu ya maji, nyimbo zikivuka kutoka boti hadi boti. Sambaza huja kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Chini yao, upande wa kaskazini ambako ziwa lina kina cha mita 485, kuna takribani kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ukaa, zimeyeyuka ndani ya maji na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Sehemu kubwa ya methani hiyo ni kazi ya vijidudu visivyohitaji oksijeni. Ndugu wa vijidudu hivyo wanaishi tumboni mwa ng'ombe.

Hapa ndipo hadithi inaponoga, maana ng'ombe ni joka lililokosa kiberiti tu. Ng'ombe mmoja hutoa lita mia kadhaa za methani kwa siku, karibu yote kwa mdomo, kimyakimya, anapocheua. Januari 2014, katika kijiji cha Rasdorf, Ujerumani, banda la ng'ombe 90 lilijaa gesi ya wanyama wenyewe. Cheche ya umeme tuli ikaruka, paa likaharibika, na ng'ombe mmoja akaungua. Hakuna aliyeliita joka. Polisi waliandika taarifa.

Cyangugu, jirani na Kamembe, ina mfano wa karibu zaidi. Gereza lake lilikuwa miongoni mwa magereza ya Rwanda yaliyojengewa mitambo mikubwa ya biogesi na taasisi ya KIST ya Kigali, kazi iliyopata Tuzo ya Ashden mwaka 2005. Kinyesi cha maelfu ya wafungwa kiliingia kwenye matangi ya matofali chini ya ardhi, vijidudu vikafanya yao, na jikoni chini ya masufuria ya maharage ukawaka moto wa buluu. Tumbo linaweza kuwasha moto; hilo lilithibitishwa kwa maharage.

Lakini piga hesabu. Lita 300 za methani, mbweu za ng'ombe kwa siku nzima, zina nguvu sawa na theluthi ya lita ya petroli. Mtambo wa kurusha moto uliobebwa na askari wa Marekani migongoni katika Vita vya Pili vya Dunia ulimaliza lita 18 za mafuta kwa sekunde zisizofika kumi. Kwa hiyo joka la tumbo la ng'ombe lingekula majani tangu asubuhi hadi usiku, ili adui akifika limwashie moto wa sehemu ndogo ya sekunde. Adui angeungua nyusi.

Na kuna ubaya mwingine, unaojulikana sana kwa wahandisi wa Karongi, kaskazini mwa Kamembe ukifuata ufuo wa ziwa. Gesi ya Kivu haiji peke yake. Methani imechanganyika na hewa ukaa mara tano yake, na hewa ukaa ndiyo iliyomo kwenye mitungi mingi ya kuzimia moto. Mtambo wa KivuWatt, unaozalisha megawati 26 hivi, huvuta maji kutoka kina cha kama mita 350. Yakipanda, shinikizo linapungua na gesi inachemka kama soda iliyofunguliwa. Kisha gesi hiyo inaoshwa kwa maji, kwa sababu hewa ukaa huyeyuka majini haraka na methani hukataa. Ndipo inapofaa kwenda kwenye injini. Gesi ya tumbo la ng'ombe nayo ni hivyo hivyo, zaidi ya nusu ni hewa ukaa. Joka lisilo na karakana ya kuoshea gesi kooni lingekuwa linajizima lenyewe.

Pumzi ya hewa ukaa si mzaha, lakini. Watu wa Goma wana neno lao, mazuku, kwa zile hewa zinazotuama mabondeni na kuua mbuzi, mbwa na mara nyingine watu, bila harufu wala moshi. Kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitema gesi hiyo usiku na kuua watu zaidi ya 1,700 waliokuwa vijijini mwao. Joka linalotaka kuua halihitaji moto hata kidogo. Wachoraji wanapenda moto kwa sababu pumzi isiyoonekana haichoreki.

Tuseme gesi imeoshwa. Bado itafute cheche, na ipate hewa kwa kipimo: methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko na hewa. Ikipungua, haishiki; ikizidi, inakosa oksijeni. Katika ziwa Tanganyika, unakoishia mto Rusizi, yuko kambare wa umeme, ambaye Wamisri wa kale walimchora kwenye makaburi yao na ambaye akikugusa unapata pigo la hadi volti 350. Je, ang'oe kiungo chake cha umeme alipe joka? Volti 350 hewani huruka mwanya mwembamba kuliko unywele. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile cha dukani, hutoa maelfu ya volti kwa kugonga kijiwe kidogo cha fuwele. Njia hiyo ya kijiwe inavutia zaidi, kwani mamba humeza mawe tangu zamani. Joka lenye meno ya jiwe la kiberiti lingeweza kuyasaga likatoa cheche. Meno yangedumu muda gani, hilo aulizwe daktari wa meno.

Hata tukifanikiwa, tunarudi kwenye uzito, na hapa vipuri vinaanza kugombana. Tumbo la kutengeneza gesi ni pipa la majani na maji. Ndege aitwaye hoatzini, wa misitu ya Amerika Kusini, ndiye pekee aliyejaribu mtindo huo: anachachusha majani kwenye kibofu cha shingoni kama ng'ombe anavyofanya tumboni. Kibofu kimekuwa kikubwa hata kikanyang'anya nafasi ya misuli ya kifua, ile ya kupigia mabawa. Anaruka vibaya, kwa kupapatika, kutoka tawi hadi tawi, na ananuka samadi. Anayetaka moto wa tumboni anapoteza mabawa. Anayetaka mabawa apunguze tumbo. Tai wa Rüppell, aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan Novemba 1973 katika kimo cha mita 11,300, hakufika kule na pipa la majani.

Kwa hiyo mtoto wa Kamembe ang'oe tumbo la ng'ombe, aache mabawa, atafute moto wa aina nyingine, mwepesi, usiohitaji gesi wala cheche. Moto huo upo, na mwenye nao anapatikana Afrika hii hii. Ni mbawakawa wa urefu wa sentimita mbili hivi, ambaye Wazungu wamempa jina la askari wa mizinga. Nyuma ya tumbo lake ana vyumba viwili. Kimoja kina hidrokwinoni na hidrojeni peroksidi, vimiminika viwili vilivyotulia pamoja kwa amani. Cha pili kina vimeng'enya. Akibanwa mguu na siafu, anafungua mlango kati ya vyumba; mchanganyiko unalipuka, joto linafika nyuzi 100, na mvuke wa kuunguza unatoka kwa mishindo mamia kadhaa kwa sekunde, ukisikika kama kitambaa kinachopasuka. Mwaka 1999 Thomas Eisner na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha picha za mbawakawa wa aina hiyo kutoka Afrika, Stenaptinus insignis, akielekeza mzinga wake kulia, kushoto, hata juu ya mgongo wake mwenyewe, alenge mguu uliobanwa.

Ana mabawa, na wengine wa ukoo wake huyatumia. Kemikali zake ni tone tu, kwa hiyo hazimlemei. Sharti alilopewa ni moja, abaki na ukubwa wa kokwa la tende.

Huko Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe waliwalisha chura mbawakawa wa jamii hiyo, wakasubiri. Sauti ya mlipuko ilisikika kutoka ndani ya tumbo la chura. Matokeo waliyochapisha mwaka 2018 yanasema asilimia 43 ya mbawakawa walitapikwa, kati ya dakika 12 na 107 baada ya kumezwa; chura alilazimika kuligeuza tumbo lake nje kupitia mdomoni kama mfuko unaokung'utwa. Mbawakawa walitoka wamelowa ute, na wote waliotapikwa walikuwa hai.